Yaya na Pete za Waya

Siku niliyoingia kwa mara ya kwanza katika atelier ile, karakana ya umeme nyuma ya soko la Makiso, nilimkuta mwanamume mmoja anatembea na waya. Alitoka mezani ameshika ncha ya waya wa shaba, akavuka chumba, akapita mlangoni, akaenda uani hadi karibu na ukuta wa choo. Hapo waya ukakaza. Akarudi, akapitisha ncha ileile katika tundu la pete kubwa ya chuma iliyokuwa mezani, akaanza safari upya. Nilidhani anapewa adhabu.

"Usimucheke," alisema mwanamke aliyekuwa ameishika ile pete kwa mikono miwili ili isiteleze. "Kazi iko vile. Kwa sasa."

Mwanamke huyo ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa amenizidi umri kiasi cha kunifanya nimwite Yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa Kisangani, na mpaka leo nikimkumbuka namkumbuka kwa jina hilo tu. Alikuwa na diploma ya umeme kutoka shule ya ufundi, msichana peke yake katika darasa zima. Alikaa Lubunga, ng'ambo ya mto, akavuka kila asubuhi kwa pirogue, yaani mtumbwi, na hata msimu wa mvua kubwa alishuka ufukweni pagne yake, kitenge cha kujifunga, ikiwa haina tone la tope. Sikujua alifanyaje. Sisi wengine tulifika kazini kama watu waliotoka kulima.

Mimi sikuwa na diploma ya umeme. Nilikuwa nimemaliza kozi ya ushonaji kwa masista, na cherehani ya kuanzia kazi sikuwa nayo. Papa yangu alikuwa karani wa serikali, mtu wa Maniema kama majirani zetu wengi wa Kabondo, naye alifahamiana na patron, mwenye atelier. Patron alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, muuzaji wa jumla, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Alimwambia papa kwamba anatafuta mtu mwenye mikono mitulivu. Papa akasema, "Binti yangu anafuma lasi." Basi.

Kazi yenyewe ilitokana na umeme wa mji. Miaka ile ya Zaire, tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, hata sokoni, umeme ulikuja kwa nguvu uliyoipenda wenyewe. Kuna saa taa iliwaka nyekundu kama kaa linalozimika, na kuna saa ulipanda ghafla ukaua frigo, yaani friji. Wauza samaki walilia, wenye baa walilia. Patron akaona kwamba kila mwenye frigo atahitaji régulateur, yaani kisanduku cha kuutuliza umeme kabla haujaingia kwenye mashine. Ndani ya kisanduku hicho kuna pete ya chuma, pana kama sahani ya chai, iliyovikwa waya wa shaba kuizunguka yote. Patron alikuwa amenunua rundo la pete hizo katika mabaki ya kiwanda kilichofungwa. Chuma kilikuwepo, waya ulikuwepo. Kilichobaki ni kuzivika pete waya.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Ukiwa na kijiti, unauzungusha waya juu yake ukiwa umekaa. Pete haina ncha. Kila mzunguko ni lazima waya wote uliobaki upite katika tundu, na mwanzoni waya uliobaki ni mrefu kuliko nyumba. Ndiyo sababu ya yule mwanamume kutembea. Na waya unaoburutwa sakafuni na kwenye kizingiti hujikunja, hukwaruzika, ngozi yake ya vernisi, ile inayouzuia umeme usivuje, inatoka, halafu pete ikiwekwa kwenye umeme inapata joto, inanguruma, inanuka. Wiki ileile mwanamume yule aliacha kazi, akaenda kutafuta dhahabu upande wa Bafwasende. Alisema kama ni kutembea, bora atembee mahali penye faida.

Tukabaki wawili mezani, Yaya na mimi, naye hakutaka hata mmoja wetu asimame.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuanzia katikati. Alipima kipande cha uzi kwa kuuzungushia pete mara moja, akakadiria urefu wa waya wote, akakata, akaukunja katikati kupata nusu yake. Hapo katikati ndipo alipopafunga kwanza kwenye pete.

"Sasa unaenda mukono wa kuume na nusu moja," alisema. "Ikiisha, unarudi, unaenda kushoto na ile ingine. Hauvute tena waya yote. Unavuta nusu tu."

Nilikaa nikimtazama. Kitu chepesi namna ile, na yule bwana alikuwa ameimaliza miguu yake uani!

Lakini hata nusu ilikuwa ndefu. Ndipo nikamwambia kuhusu navette. Masista walikuwa wametufundisha kufuma lasi kwa navette, kidude kidogo chenye umbo la jani la mwembe ambacho ndani yake umekusanya uzi, ukawa unapitisha kidude badala ya kupitisha uzi mrefu. Kesho yake nikaileta yangu. Yaya aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. Kisha akaomba ubao wa sanduku la sabuni, akachonga kipande chembamba, kirefu kama kiganja na kidole, akakikata mapengo kwenye ncha zote mbili, akakisugua kwa kipande cha chupa mpaka kikateleza. Akauzungushia waya kwenye mapengo yale. Kisha akakipitisha kwenye tundu la pete, akakipokea chini, akakileta juu, akakipitisha tena. Waya ulifunguka kidogo kidogo kutoka kwenye ubao, kiasi cha mzunguko mmoja tu, ukalala kwenye chuma bila kugusa sakafu.

"Eh!" akasema, kisha akanitazama. "Na hii ulikuwa nayo kwa nyumba?"

"Ndiyo, Yaya."

"Na mimi naangalia mutu anatembea mpaka choo!"

Tulicheka mpaka patron akatoka ofisini kuona kuna nini.

Tangu siku hiyo nilimwona jinsi alivyo. Mikono yake haikuwa na haraka, na bado pete yake iliisha kabla yangu kila mara. Nilichukua muda kuelewa kwa nini. Mimi nilivuta, nikalegeza, nikarekebisha, nikavuta tena. Yeye kila mzunguko aliukaza mara moja tu kwa kidole gumba, akauacha. Hakurudi nyuma. Upande wa ndani, mahali tundu linapobana, nyaya zake zililala bega kwa bega. Upande wa nje zilifunguka kwa nafasi zilizo sawa, kama mistari ya chungwa lililokatwa. Kabla ya yote alikuwa ameivika pete utepe wa pamba ili kona za chuma zisiukwaruze waya, na kati ya mwanzo na mwisho aliacha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu, alisema, mwanzo na mwisho wa waya ndio wenye ugomvi mkubwa, wakigusana wanachomana. Nilizipenda pete zake kama mtu anavyopenda nguo iliyoshonwa vizuri. Mara nyingine patron alipokuja kuzifungia ndani ya visanduku vyao vya bati nilisikia huruma kwamba hakuna atakayeziona.

Mizunguko tuliihesabu kwa punje za mahindi. Kila waya ulipopita tunduni mara kumi, tulitia punje moja katika kibakuli. Siku moja Yaya alikuwa amebakiza kidogo kumaliza pete kubwa ya baa moja, tukainuka wote wawili kunywa maji. Kuku wa patron akaingia. Tuliporudi mezani kibakuli kilikuwa kitupu na kuku anajifuta mdomo kwenye mguu wa kiti.

Nilisubiri hasira. Yaya alimtazama kuku, akatazama pete.

"Bon," akasema. "Huyu ndiye anajua hesabu. Sasa utamuuliza."

Akakaa, akaanza kuufungua waya wote, taratibu, akiurudisha kwenye ubao. Hakulalamika hata mara moja. Kuanzia siku hiyo tulihesabu kwa vifuniko vya chupa za bia.

Msimu wa mvua uliofuata, asubuhi moja, mwanamume mwembamba alisimama mlangoni akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kipande cha godoro. Alikuwa na tope mpaka mapajani. Alikuwa infirmier, yaani muuguzi, wa hospitali ndogo upande wa Bafwasende, na alikuwa amesafiri juu ya lori la mchele, akilala mahali lori lilipokwama. Ndani ya lile godoro kulikuwa na phonie ya hospitali, redio ya kuzungumzia kutoka kituo hadi kituo. Barabara ikifungwa, hiyo ndiyo iliyobaki kuwaunganisha na daktari.

"Ilitoa moshi," alisema, "kisha ikanyamaza. Nimezunguka nayo mujini yote. Banasema kipande kitatoka Ulaya."

Yaya alifungua kifuniko, akanusa kabla ya kutazama. Harufu ya vernisi iliyoungua ilijaa chumba. Akatoa kitu kilichopata balaa: pete, lakini ndogo, nyeusi, haikuzidi kifuniko cha chupa ya dawa. Alimweleza infirmier kwa upole kama vile anazungumza na mzazi wa mgonjwa. Betri ya gari ina nguvu ndogo, taa za redio zinataka nguvu kubwa, na pete hii ndiyo inayoipandisha nguvu ile. Chuma chake ni kizima. Waya wake mwembamba ndio umeungua.

"Inaweza kupona?" infirmier akauliza.

"Nikipata waya. Ile iko kama unywele. Hapa hatuna."

Infirmier alikaa kwenye kigogo cha mlangoni, akaweka kichwa mikononi. Patron akasema ataandika Kinshasa. Kesho yake Yaya alivuka mto akiwa na redio ya mbao kichwani, ile ya zamani yenye taa ndani na kitambaa mbele. Nilikuwa nimewahi kuiona kwake Lubunga, sebuleni, chini ya kitambaa cha kroshe. Ilikuwa ya marehemu papa yake. Ilikuwa imekufa miaka mingi, na mara nyingi Yaya alisema siku moja ataifufua.

"Yaya, si hiyo," nikamwambia.

"Ndani yake kuna waya," akajibu. "Papa angeitoa. Alikuwa anapenda habari kuliko sanduku."

Akaifungua, akatoa transfo yake, kile kifaa cha kubadilisha nguvu ya umeme, akaanza kuchambua waya mwembamba wenye rangi ya asali. Ule wa zamani ulioungua kwenye pete ya phonie tuliufungua mzunguko kwa mzunguko, tukihesabu, ili tujue wenyewe walioitengeneza waliweka mingapi. Infirmier ndiye aliyetia vifuniko vya bia kwenye kibakuli. Hakutaka kazi nyingine.

Ubao wetu haukuweza kuingia katika tundu dogo namna ile. Nikachukua mshipa wa gurudumu la baiskeli, yaani spoki, nikaupiga nyundo mpaka ukalala bapa, nikausugua kwa tupa, nikaukata mapengo kwenye ncha. Nilikuwa na hofu ya kuacha kona hata moja kali. Yaya aliupitisha kwenye mdomo wake, juu ya ulimi, kuona kama kuna mkwaruzo. "Muzuri," akasema. Neno hilo moja lilinitosha siku nzima.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka Jumamosi. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, na chef wa quartier, mkuu wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba kutuita. Alituona kupitia dirisha.

"Citoyennes! Mitaro inawangoja!"

Yaya hakuinua macho. "Chef, nikiacha sasa, waya italegea na hesabu itapotea."

"Hiyo ni nini?"

"Phonie ya hospitali ya Bafwasende. Huyu papa ameileta na lori."

Chef aliingia. Alikuwa mtu mkali, tuliogopa hata kivuli chake. Aliinama juu ya meza, mikono nyuma, akatazama ule mshipa wa baiskeli ukiingia na kutoka, ukiingia na kutoka, na waya usioonekana vizuri ukilala mahali pake. Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Bon," akasema mwishoni. "Wewe baki. Huyu mwingine anakuja na coupe-coupe."

Nikachukua panga nikaenda kukata majani kwa niaba yetu sote wawili. Infirmier, ambaye hakuwa hata mwenyeji wa mji, alikuja nami akachukua koleo. Niliporudi, mikono imetoka malengelenge, Yaya alikuwa amekaa vilevile, ila uso wake ulikuwa umebadilika.

"Imekatika," akasema.

Waya ulikuwa mzee. Ulikuwa umekatika katikati ya kazi, na hatukuwa na mwingine wa kuanza upya. Nilitaka kulia. Yeye alikuwa ameshawasha mkaa kupasha chuma cha kulehemu. Alikwangua ncha mbili kwa wembe, kidogo sana, akazisokota pamoja, akazigusa kwa risasi iliyoyeyuka, akakikunja kile kiungo ndani ya kikaratasi kilicholowa vernisi. Kisha akarudi nyuma nusu ya mzunguko mmoja ili kiungo kile kiangukie upande wa nje.

"Ndani tunabanana," alinieleza, sauti yake ikiwa kama siku zote. "Nje kuna nafasi. Kitu chenye kidonda unakiweka mahali penye nafasi."

Nimeshika waya maisha yangu yote baada ya siku ile, na kila ninapounganisha bado naona vidole vyake vikigeuza ile pete nyeusi kutafuta mahali pa kuukalisha ule uvimbe. Akaendelea. Alimaliza mchana wa Jumatatu.

Tulitandika antena, waya mrefu kutoka paa la atelier hadi mchikichi wa jirani. Patron mwenyewe alitoa betri ya gari lake. Infirmier aliunganisha nyaya, akabonyeza, na taa za ndani zikaanza kuwaka polepole. Tuligusa pete kwa kidole, mmoja mmoja. Ilikuwa baridi. Haikunguruma. Kisha sauti ya hewa ikajaa chumba, kama mvua inayokuja juu ya msitu, na infirmier akaanza kuita vituo alivyozoea. Aliita mara kadhaa. Nilikuwa nimeushika mkono wa Yaya bila kujua.

Ikajibu sauti ya mwanamke, sista wa kituo kimoja upande wa Wamba, ikitoka mbali na imejaa mikwaruzo.

"Bafwasende? Ni wewe? Tulifikiri mumekufa bote! À vous."

"À vous" ni kusema zamu yako, na infirmier akabonyeza akasema ndiyo, ndiyo, ni yeye. Patron akampiga mgongoni, akaanza kupiga makofi peke yake. Yaya alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta, anafuta uso kwa ncha ya pagne. "Moshi ya mkaa," akasema, ingawa jiko lilikuwa limezimika tangu asubuhi.

Siku hiyo patron alituma watu wakatuletea lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, tukala wote mezani pale pale, kati ya pete na vifuniko vya bia. Infirmier aliondoka na lori la kwanza, phonie yake ndani ya godoro lilelile.

Mvua zilikuwa zinakwisha wakati mtu wa nyumba ya mapadri alipokuja kumtafuta Yaya. Wao pia walikuwa na phonie, na kuna mtu upande wa Bafwasende aliyekuwa anamwita. Tulikwenda wawili mbio. Padri mmoja alimpa kile chombo cha kuzungumzia. Yaya alikishika kwa mikono miwili, akakileta mdomoni, akasema "Alo? Alo?" bila kubonyeza kitu. Alikuwa ameutengeneza moyo wa redio ile, lakini hajawahi maishani kuzungumza kwenye phonie. Padri alimwonyesha kitufe. Alicheka kwa aibu, akabonyeza.

Sauti ya infirmier ilikuja. Alisema mama mmoja alishindwa kujifungua, damu ikatoka nyingi, barabara imefungwa. Akamwita daktari wa Kisangani, na daktari akamwongoza neno kwa neno mpaka asubuhi. "Mama iko. Mutoto iko. Nilitaka wewe ujue. À vous."

Yaya alibonyeza kitufe. Kisha akauliza, "Na pete? Inapata moto?"

"Hapana, Yaya. Iko baridi."

"Bon," akasema. "Asanti." Akamrudishia padri chombo kwa uangalifu mkubwa.

Habari ile ilizunguka mji. Haikupita muda shule ya ufundi, ile ile aliyosomea, ilimwita kufundisha kazi za mikono za umeme. Alikubali. Patron alinung'unika wiki nzima, halafu akamnunulia pagne mpya ya kwenda nayo. Mimi nikakalia kiti chake, na kwa siku nyingi nilikikalia ukingoni tu.

Pete yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa ya kiwanda cha mbao, nzito, ya waya mnene. Niliivika utepe, nikaanza katikati, nikaenda kuume, nikarudi, nikaenda kushoto. Nilifungua mara mbili, nikaanza tena. Jumamosi moja baada ya salongo Yaya alipita kutusalimia, vidole vyake vina chaki. Aliiona pete mezani. Akaichukua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba ndani, kisha nje, akaigeuza upande wa pili, akafanya vilevile.

Akaiweka chini bila kurekebisha hata mzunguko mmoja, akavuta kigoda, akaketi, akafungua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga upya.

"Hapa hakuna chai?" akauliza.